Dele: Chombo Tusichokijua Wana wa Kahawa

Penye miti hakuna wajenzi. Methali hii nilikuwa nikiikariri kwa ajili ya mtihani tu, mpaka siku iliponiangukia mwenyewe.

Tulikuwa tukisoma ufahamu darasani, habari za mzee wa Mombasa aliyebeba dele. Mwalimu akauliza, "Dele ni nini?" Kimya. Mimi, kwa kutotaka kuonekana mjinga, nikajitosa: "Ni kifaranga, mwalimu." Bwana wee! Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akauliza, "Ni wangapi kwenu mnalima kahawa?" Mikono zaidi ya nusu ikapanda. "Wangapi mmeshawahi kuipika?" Mikono yote ikashuka, wa kwangu ukitangulia.

Ndipo nikaamua kufanya utafiti, nao matokeo yake ndiyo haya.

DELE NI NINI?

Dele (wingi: madele) ni chombo cha kupikia na kutilia kahawa katika pwani yetu, Lamu hadi Unguja. Wengine hukiita mdila. Aghalabu ni cha shaba, kina mkono, kifuniko, na mdomo mrefu uliopinda kama wa ndege. Muuza kahawa hulibeba likiwa juu ya makaa ili kahawa isipoe, huku akigonganisha vikombe mkononi kuwaita wateja. Kahawa yenyewe ni chungu, haina maziwa. Hutiwa tangawizi au iliki, na mnywaji huisindikiza kwa halua, tende au kashata. Jina dele lina undugu na neno la Kiarabu, dalla.

Waturuki nao wana chombo chao, cezve. Hicho ni kidogo, kina tako pana, shingo nyembamba na mpini mrefu. Kahawa iliyosagwa laini kama vumbi hutiwa pamoja na maji na sukari, ikachemshwa kwa moto wa polepole hadi povu lipande. Haichujwi, machicha huachwa yatuame kikombeni. Mwaka wa 2013 UNESCO iliiweka kahawa ya Kituruki katika orodha ya turathi za binadamu. Mwaka wa 2015 ikafuata kahawa ya Waarabu, wakiwemo wa Omani.

Chombo hicho cha Kituruki Wazungu wengi hukiita ibrik. Je, neno hilo halikukumbushi kitu? Ndilo birika letu! Asili yao ni moja, neno la Kiarabu ibriq. Kumbe birika la chai lililoko jikoni kwenu lina jamaa Istanbul.

TUKAJARIBU NYUMBANI

Likizo ilipofika nilienda kwetu, upande wa Nyamira. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa Kisii, Meru na Embu kulima kahawa, zao ambalo walowezi walikuwa wamelishikilia. Yetu ilipandwa na babu. Sasa baba mdogo anataka mibuni ing'olewe, tupande ndizi, kwani malipo huchelewa na deni la mbolea halichelewi.

Nikamwomba magokoro, yaani nyanya yangu, mbuni kidogo: zile tunda zilizokaushwa na maganda yake, ambazo huuzwa bei ya chini. Tukazitwanga kinuni, tukapepeta, tukakaanga hadi zikawa nyeusi, tukazitwanga tena. Dele hatuna, hivyo tukatumia sufuria. Nikachochea moto kwa pupa, povu likapanda, likamwagika lote jikoni! Hapo nikajua kwa nini shingo ya cezve ni nyembamba: hulizuia povu, na mpishi hupata kuliona likipanda kabla halijafurika.

Ya pili tuliipika polepole. Magokoro amechuma kahawa tangu aolewe, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuionja ya shamba lake. Akanywa, akakunja uso, akanywa tena. Akasema, "Kumbe hivi ndivyo watu wanavyokunywa jasho letu." Jioni akamwambia baba mdogo, "Ng'oa, lakini mistari miwili ya karibu na nyumba uniachie."

Baba mdogo hakujibu. Hadi leo mistari hiyo ipo.

ZINGATIA

Mbuni ni (i) ndege mkubwa asiyeruka. (Ii) mti wa kahawa, na kwa wakulima wetu, tunda lake lililokaushwa. (Iii) mtu anayebuni jambo.

ZOEZI

1. Tunga sentensi moja yenye maana zote tatu za mbuni.
2. Eleza tofauti mbili kati ya dele na cezve.
3. Wachongaji wetu wa Tabaka hutengeneza vikombe na bakuli kwa mawe ya sabuni. Nenda ukawaulize: dele la jiwe laweza kuchongwa? Likichongwa, niite. Kahawa nitaleta mimi.