Gitaa la Umeme Katika Nyumba Tulivu: Namna ya Kurekodi Bila Kuwasumbua Majirani

Katika nchi ya Unyamwezi, sauti ilithaminiwa zamani kwa kufika mbali. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kuingia Tabora, iliongozwa na kirangozi. Nayo ngoma na barghumu viliwaarifu wenyeji kwamba wageni wanakaribia. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mlio wa garimoshi ulichukua kazi hiyo katika vituo vya njiani, Goweko kikiwa kimojawapo.

Hata hivyo, si kila sauti yafaa kufika mbali. Mpigaji wa gitaa la umeme katika kijiji kama Goweko aghalabu hupata nafasi ya kurekodi usiku, baada ya kazi za shamba na biashara. Wakati huo huo jirani amelala, mtoto mchanga yumo nyumba ya pili, na mwanafunzi anadurusu masomo yake kwa ajili ya mtihani. Makala haya yanaeleza kwa nini haja ya mpigaji na haki ya jirani zinaweza kupatana, maadamu sayansi ya chombo chenyewe inafahamika.

Sauti huzaliwa wapi?

Katika zeze, uzi ukitetemeka peke yake hutoa sauti hafifu. Kibuyu ndicho kinachopokea mtetemo huo na kuusukuma hewani kwa nguvu. Gitaa la kawaida lenye tumbo la mbao hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Gitaa la umeme lenye mwili wa mbao ngumu isiyo na uwazi halina kibuyu wala tumbo. Chini ya nyuzi zake za chuma mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko ipatayo maelfu. Uzi unapotetemeka hubadilisha uga wa sumaku, na mabadiliko hayo huzalisha umeme mdogo katika waya. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, George Beauchamp wa Marekani aliitumia kutengeneza gitaa la umeme lililouzwa madukani. Umeme huo ni sehemu ndogo tu ya volti moja. Kazi ya amplifaya ni kuukuza, na kazi ya spika ni kuugeuza kuwa mawimbi ya hewa.

Hapa ndipo ulipo msingi wa somo hili. Kabla ya kufika kwenye spika, muziki wa gitaa ni umeme, na umeme upitao katika waya haumwamshi mtu. Mwenye kurekodi hahitaji kuupeleka muziki hewani kisha aurudishe katika umeme kwa maikrofoni. Anaweza kuuchukua ungali umeme.

Kwa nini ukuta peke yake hautoshi

Watu wengi hudhani kwamba dawa ya kelele ni kufunga mlango na kutundika magodoro. Tufanye hesabu ndogo. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Amplifaya ya gitaa inayopigwa kwa nguvu yaweza kutoa desibeli 100 kwa umbali wa mita 1. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6. Kwa hiyo mita 2 itakuwa 94, mita 4 ni 88, mita 8 ni 82, mita 16 ni 76, na mita 32 ni 70. Jirani aliye mita 32 angali anasikia sauti iliyo juu ya mazungumzo ya mtu aliye karibu naye.

Kupunguza wati nako hakusaidii kwa kadiri inavyodhaniwa. Kutoka wati 10 hadi wati 1, tofauti ni desibeli 10 tu, na sikio huliona punguzo hilo kuwa kama nusu.

Ukuta mzito wa matofali huzuia sauti vizuri, lakini nyumba nyingi zina nafasi kati ya ukuta na bati, na madirisha yenye wavu. Uwazi ulio sehemu moja tu katika mia ya eneo la ukuta hauruhusu punguzo kuzidi desibeli 20, hata kama ukuta ungekuwa wa zege nene kiasi gani. Sauti, kama maji, hutafuta tundu. Magodoro, mablanketi na treyi za mayai hupunguza mwangwi ndani ya chumba, hasa wa sauti nyembamba. Hayazuii sauti nene isitoke: uzi mnene wa gitaa hutetemeka mara 82 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita 4 na zaidi. Godoro la sentimita 10 si kitu mbele ya wimbi hilo.

Usiku nao huongeza tatizo. Baada ya jua kutua katika anga lisilo na mawingu, ardhi hupoa upesi na hewa iliyo karibu nayo huwa baridi kuliko ile ya juu. Kwa kuwa sauti huenda kasi zaidi katika hewa yenye joto, mawimbi yake hupinda kuelekea chini badala ya kupotelea juu. Ndiyo sababu mlio wa treni ambao haukusikika adhuhuri husikika waziwazi saa nne za usiku. Gitaa nalo hufuata kanuni hiyo.

Kuunganisha gitaa moja kwa moja

Njia iliyo bora, basi, ni kuunganisha gitaa na kinasa sauti au kompyuta bila spika, na mpigaji kusikiliza kwa hedifoni. Jambo hili si geni. Studio ya Motown mjini Detroit ilirekodi magitaa kwa kuyaunganisha moja kwa moja katika miaka ya 1960. Mhandisi Tom Scholz alitayarisha sehemu kubwa ya santuri ya kwanza ya kundi la Boston, iliyotoka mwaka 1976, katika chumba cha chini cha nyumba yake. Na mwaka 1982 kampuni yake ilianza kuuza Rockman, amplifaya ndogo ya kusikilizia kwa hedifoni.

Hata hivyo, haifai kuchomeka gitaa popote. Sumaku za gitaa huhitaji kupokewa na kifaa chenye ukinzani mkubwa, yaani kama omu 1,000,000. Tundu la maikrofoni la simu lina omu elfu chache tu. Gitaa likichomekwa humo, sauti hufifia na uangavu wake hupotea. Kwa hiyo pahitajika kiunganishi chenye tundu lililoandikiwa gitaa, ambacho huupokea umeme huo na kuugeuza kuwa tarakimu. Waya kutoka kwenye gitaa uwe mfupi, kwani waya mrefu mno hula sauti nyembamba.

Kiwango cha kurekodi kisifike kileleni. Yafaa noti yenye nguvu kuliko zote iache nafasi ya desibeli 10 hivi chini ya kikomo, kwa sababu tarakimu zikivuka kikomo sauti hukatika na haitengenezeki tena.

Aidha, kompyuta huchukua muda kidogo kabla ya kurudisha sauti masikioni. Programu ikikusanya vipimo 256 kwa mkupuo, kwa kasi ya vipimo 48,000 kwa sekunde, mkupuo mmoja huchukua kama sehemu tano za elfu za sekunde. Katika muda huo sauti husafiri hewani chini ya mita 2, kwa hiyo mpigaji hasumbuki. Mikupuo ikiwa mikubwa mno, vidole na masikio vitaachana.

Spika iliyokosekana

Mpigaji akisikiliza gitaa lililorekodiwa hivi kwa mara ya kwanza, huenda akavunjika moyo. Sauti ni kavu, na ikitiwa mkwaruzo hufanana na mlio wa nyenje. Sababu ni kwamba spika ya gitaa si chombo cha kupitishia tu. Spika hiyo huzuia kwa kiasi kikubwa mitetemo inayozidi 5,000 hivi kwa sekunde, na sanduku lake huongeza unene. Spika ikiondolewa, kichujio hicho nacho huondoka.

Dawa yake ni kurudisha kichujio kwa njia ya umeme au hesabu. Zipo programu, baadhi yake zisizo na malipo, zinazoiga amplifaya, spika na maikrofoni. Asiyekuwa nazo na apunguze sauti nyembamba kuanzia mitetemo 5,000, kisha aongeze mwangwi kidogo. Faida nyingine ni kwamba rekodi ya awali hubaki safi; mpigaji aweza kubadilisha sauti mchana bila kupiga upya.

Mngurumo, hatari na masikio

Sumaku za gitaa hunasa pia umeme wa nyumbani, ambao hapa Tanzania hubadilika mizunguko 50 kwa sekunde, na huo ndio mngurumo usikikao chini ya muziki. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya misokoto miwili iliyopangwa ili mngurumo ujifute wenyewe. Mwenye gitaa la msokoto mmoja na ageuke pole pole mahali alipoketi hadi apate upande wenye mngurumo mdogo, akae mbali na chaja na taa za kubana umeme. Kompyuta ndogo inayotumia betri huwa tulivu zaidi. Kwa vile kazi hii haihitaji wati nyingi, betri iliyojazwa kwa umeme wa jua yatosha.

Wapo wanaokata waya wa ardhini ili kuondoa mngurumo. Hilo ni jambo la hatari. Nyuzi za gitaa kwa kawaida zimeunganishwa na waya huo, na kifaa kibovu chaweza kupeleka umeme wa volti 230 hadi kwenye vidole vya mpigaji. Kadhalika, amplifaya ya valvu isiwashwe bila spika au kizigo maalumu, maana yaweza kuungua.

Masikio nayo yana mpaka. Sauti ya desibeli 85 huhesabiwa kuvumilika kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 100 zabaki dakika 15 tu. Asiyemdhuru jirani asijidhuru mwenyewe kwa hedifoni.

Jaribio la msomaji

Mpigaji mmoja apige gitaa la umeme lisilounganishwa na kitu, ndani ya chumba, madirisha yakiwa wazi. Mwenzake arudi nyuma nje ya nyumba, akihesabu hatua hadi asisikie tena. Kisha warudie kwa amplifaya ndogo. Jaribio lifanywe adhuhuri na tena mapema jioni, kwa ridhaa ya majirani, na hesabu ziandikwe. Tofauti kati ya safu hizo mbili itaonyesha baadhi ya mambo yaliyoelezwa hapo juu.

Faida kwa jamii

Bendi za Tabora zilizosifika, kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, zilirekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam, umbali wa mamia ya kilomita. Huenda wapigaji wengi ambao hawakuweza kusafiri hawakuacha sauti yoyote. Leo gitaa, kiunganishi na hedifoni vyaweza kuifanya studio iwe chumba kimoja cha Goweko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za kelele za mwaka 2015, inamlinda jirani. Lakini ujirani mwema ni mkongwe kuliko sheria. Muziki unaorekodiwa bila kumnyima mtu usingizi hauna wa kuupinga, na kwa hiyo waweza kuendelea usiku baada ya usiku mpaka ukamilike.