Mtandamboo: Ua wa Miiba Wenye Matunda

Vilima vya Kalama, katika Machakos, ni nchi ya ukame, na mwezi wa Julai huleta baridi. Mti mdogo mmoja huyavumilia yote mawili, nao ni mtandamboo, ambao Wakamba huuita mukawa. Matunda yake huanza yakiwa ya kijani, huwa mekundu, kisha huiva na kuwa meusi. Hapo ndipo huliwa, nayo ni matamu.

Tangu zamani watoto huyachuma porini. Lakini pori likifyekwa kwa ajili ya mashamba na kuni, matunda nayo hutoweka. Kwa hiyo yafaa mkulima aupande mti huu uwe ua wa shamba lake, kwani miiba yake huzuia ng'ombe.

Kwanza, achume matunda yaliyoiva, aoshe mbegu, azipande mara moja kivulini. Mbegu iliyokauka haioti vyema. Pili, mvua za Oktoba na Novemba zikianza, ahamishe miche shambani, akiacha nafasi ya futi mbili baina ya mche na mche. Tatu, ailinde na mbuzi, maana wao hupenda majani machanga.

Tena ajihadhari na msunguti, ambao Wakamba huuita kivai. Majani na matunda yake hufanana na ya mtandamboo, lakini mti huo ndio uliotoa sumu ya mishale. Alama ni hii: mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Watoto wafundishwe tofauti hiyo kabla ya kwenda kuchuma.