Usibadilishe Kifaa Kabla Hujajua Kilichokiua

Somo la leo limenigharimu 180,000, nyie nawapa bure.

Niko Kiomboi, nauza redio na stabilaiza za mtumba, nyingi kupitia simu. Niliishia form four, ufundi nimejifunza kwa kufungua vitu vibovu. Mwaka jana nilinunua stabilaiza mbovu ya friji kwa 25,000. Ilikuwa inalia "ta-ta-ta-ta". Nikabadilisha rilei, ikanyamaza. Nikaijaribu dakika tano, nikaposti. Mama mmoja wa Shelui anayeuza barafu akaichukua kwa 70,000.

Siku ya nne, jioni umeme uliposhuka, ikaanza kulia tena. Friji ikawa inawaka na kuzima mpaka kompresa ikaungua. Akanipigia: "Mwanangu, umeniuzia nini?" Sikuwa na jibu.

Niliifuata nikaifungua upya. Rilei nzima. Kumbe hata ile ya zamani ilikuwa nzima! Kilichokufa ni kapasita ya 470µF, 25V, bei yake 500 tu. Kwa macho ilikuwa kama mpya. Lakini rilei ikivuta, volti 12 zinaanguka sana, inaachia, zinapanda, inavuta tena. Rilei ilikuwa inalia njaa, haikuwa inaumwa.

Sasa nafuata hatua hizi:

1. Chomoa umeme, angalia na unuse. Kuna kilichovimba au kuungua? Usiishie hapo.

2. Washa kupitia bulb ya waya ya 100W (sio LED) iliyounganishwa kwa mfululizo. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikimulika kidogo ikafifia, toa bulb, endelea.

3. Pima DC kwenye kapasita kubwa, rilei ikiwa imetulia, halafu ikiwa imevuta. Zikianguka sana, tatizo liko kwenye kapasita, daiodi au transfoma.

4. Pima zena. Iliyoandikwa 5V1 isome karibu na 5.1. Ikiyumba, saketi nzima inadanganywa, usiguse preset.

5. Pima pini ya IC inayoamuru rilei (nyingi ni LM324). Amri inatoka ila rilei haivuti? Angalia transista na koili. Amri haitoki? Rudi nyuma.

6. Iache na mzigo saa mbili, ikiwezekana jioni umeme ukiwa mdogo.

Angalizo: bodi ikiwaka ina 230V. Kama hujazoea, mpe fundi, ila muulize kilichoharibika na kwa nini. Akikujibu "nimebadilisha tu, imepona", usiposti bado.

Yule mama nilimlipa kompresa kwa awamu tatu. Nilipomaliza deni akaniagiza redio. Akasema: "Ila hii ipime kwanza, mwanangu."

Nikaipima saa mbili. Tupo pamoja.