Somo la Wiki: Kumkopesha Msanii kwa Dhamana ya Nyimbo za Mtandaoni

WAFANYABIASHARA wa kanda waliokuwa Kariakoo, Dar es Salaam, katika miaka ya 1990 walikuwa na hesabu rahisi. Msanii alileta kazi yake kutoka studio, bei ikapatanwa, fedha zikalipwa kwa mkupuo, na kuanzia hapo faida au hasara ilikuwa ya msambazaji. Msanii mara nyingi hakujua kanda zake zimeuzwa ngapi, na msambazaji hakuona sababu ya kumwambia. Mfumo ule uliwaumiza wengi. Hata hivyo mwenye mtaji alijua alichonunua, na mali ilikuwa stoo kwake.

Kanda zimekwisha, na mahali pa msambazaji yule pamechukuliwa na kampuni za kusambaza muziki kwa mtandao, ambazo ofisi zake ziko ng'ambo na ambazo msanii huziona kwenye simu tu. Lakini haja ya mtaji haikuondoka. Wenye maduka, wenye studio na watu wa akiba ndogo bado wanafuatwa na wasanii wanaojitegemea, yaani wasio chini ya kampuni yoyote ya kurekodi, wakiombwa shilingi milioni 2 au 3 za kurekodi na kupiga video. Ahadi ni kwamba fedha zitarudi "nyimbo zikianza kulipa". Somo la wiki hii linaichambua ahadi hiyo kama mkopo mwingine wowote: mapato yanatoka wapi, yanapungua kwa nini, na dhamana iko mikononi mwa nani.

Mtu wa kati bado yupo

Wengi hudhani kwamba msanii sasa anauza moja kwa moja. Si hivyo. Maduka makubwa ya muziki wa mtandaoni hayapokei wimbo kutoka kwa mtu mmoja mmoja. Spotify ilijaribu utaratibu huo mwaka 2018 na ikaufunga katikati ya 2019. Kwa hiyo wimbo hupita kwa msambazaji, ambaye huupeleka Spotify, Apple Music, Boomplay na kwingineko, hukusanya malipo, na kuyaweka katika akaunti ya msanii baada ya miezi 2 au 3.

Wasambazaji hawa wako wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kamisheni. Mfano wake ni CD Baby, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Derek Sivers mwaka 1998 kwa ajili ya kuuza CD, ambayo baadaye iliingia katika muziki wa mtandao. Hutoza kama dola 10 mara moja kwa kila toleo, kisha hukata asilimia 9 ya mapato. Wa pili ni wa ada ya mwaka. Mfano ni DistroKid ya mwaka 2013, ambayo hutoza ada ya dola 20 na ushei kwa mwaka, huruhusu msanii kupakia nyimbo bila kikomo, na haikati kamisheni katika malipo ya maduka.

Tangazo la "asilimia 100 ya mapato ni yako" huvutia, na vijana wengi huishia hapo. Tuchukue ada ya dola 25 kwa mwaka kwa ajili ya hesabu. Msanii mwenye albamu moja tu atalipa dola 125 kwa miaka 5. Kwa msambazaji wa kamisheni atalipa dola 10 za mwanzo na asilimia 9 ya kila kinachoingia. Njia hizi mbili zinalingana pale albamu inapoingiza jumla ya kama dola 1,280 katika miaka hiyo 5, yaani dola 256 hivi kwa mwaka. Chini ya hapo, kamisheni ni nafuu. Lakini msanii anayetoa wimbo mpya kila mwezi atalipa dola 120 kwa mwaka kwa kupakia tu, kabla ya kamisheni, na kwake ada ya mwaka ndiyo nafuu.

Kwa mkopeshaji, hata hivyo, tofauti kubwa haiko katika hesabu hiyo. Kwa msambazaji wa ada ya mwaka, ada isipolipwa nyimbo zinaweza kuondolewa madukani, isipokuwa kama msanii alilipia huduma ya ziada ya kuziacha zibaki. Mtu aliyetoa milioni 2 kwa dhamana ya nyimbo anaweza kuikosa dhamana yake kwa sababu kadi ya benki ya msanii haikuwa na dola 25 siku ya kulipa. Mkataba unaosema "asilimia 50 ya mapato mpaka deni liishe" bila kutaja nani atalipa ada hiyo, na kwa kadi ya nani, una tundu kubwa. Mwenye fedha afadhali ailipe mwenyewe na kuiingiza katika deni.

Bei haipo, upo mgao

Mwuza kanda alikuwa na bei. Hata duka la iTunes lilipofunguliwa Aprili 2003 wimbo ulikuwa na bei, senti 99 za Marekani. Katika kusikiliza kwa malipo ya mwezi hakuna bei ya wimbo. Duka hukusanya fedha za wateja na za matangazo, hubakiza sehemu yake, na zinazobaki (kwa Spotify ni karibu theluthi mbili ya mapato) hugawanywa kwa wenye nyimbo kulingana na sehemu ya kila mmoja katika jumla ya usikilizaji wote.

Matokeo yake yanafaa kuonyeshwa kwa tarakimu za mfano. Tuseme katika nchi moja fungu la mwezi ni shilingi milioni 100, na nyimbo zote zimesikilizwa mara milioni 50. Kila mara moja ni shilingi 2, na msanii aliyesikilizwa mara 40,000 anapata shilingi 80,000. Mwezi wa pili fungu limepanda hadi milioni 110, lakini usikilizaji wa nchi nzima umefika mara milioni 80. Msanii yule amebaki na mara zake 40,000. Sasa anapata shilingi 55,000. Hakupoteza msikilizaji hata mmoja, na soko limekua, ila mapato yake yameshuka kwa karibu theluthi. Mfanyabiashara wa nyanya akisikia hesabu hii atacheka, lakini ndivyo ilivyo.

Fungu lenyewe hutofautiana kwa nchi. Spotify iliingia Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021, na malipo ya mwezi ya mteja wa huku ni sehemu ndogo ya yale ya mteja wa Marekani. Apple Music ilieleza mwaka 2021 kwamba wastani wake ulikuwa kama senti 1 ya Marekani kwa kila wimbo unaposikilizwa. Wastani huo unachanganya nchi zote. Anayeuchukua na kuuzidisha kwa wasikilizaji wa Mwanza au Kisumu atajidanganya. Wasikilizaji 5,000 wa Swahili walioko London, Minneapolis au Dubai wanaweza kulipa zaidi ya mara kadhaa ya idadi hiyo walioko nyumbani. Kwa sababu hiyo taarifa ya mapato isomwe kwa nchi, si kwa jumla.

Halafu kuna kizingiti. Tangu mwanzoni mwa 2024, wimbo usiofikisha usikilizaji wa mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia hauingii kabisa katika mgao wa Spotify. Msanii mwenye nyimbo 30 zinazosikilizwa mara 600 kila mmoja ana jumla ya mara 18,000 na malipo sifuri. Kizingiti hiki kimewapa kazi watu wanaouza wasikilizaji wa bandia kwa bei poa. Mkopeshaji akiona mapato yamepanda ghafla kwa mwezi mmoja, na wasikilizaji wote wako katika mji mmoja wa mbali ambako msanii hajulikani, asifurahi. Usikilizaji wa namna hiyo ukigunduliwa haulipwi, wimbo unaweza kuondolewa, na tangu 2024 Spotify huwatoza wasambazaji kwa wimbo unaokutwa na udanganyifu mkubwa. Tozo hiyo humfikia msanii.

Kusoma taarifa ya miezi 12

Wimbo mpya hupata wasikilizaji wengi wiki za kwanza kisha hushuka. Msanii anayeomba mkopo huonyesha mwezi wake mzuri, na hakuna wa kumlaumu. Hata muuza gari huosha gari kwanza. Kipimo cha haki ni nyimbo zilizokwisha pita mwaka mmoja: zinaingiza kiasi gani kwa mwezi, na je, zimetulia au bado zinashuka?

Tuseme nyimbo hizo kongwe zinaingiza shilingi 60,000 kwa mwezi na makubaliano ni nusu kwa nusu. Mkopeshaji anapata 30,000. Mkopo wa milioni 2 utarudi baada ya miezi 67, karibu miaka mitano na nusu, bila riba na bila kuhesabu kupanda kwa bei za vitu. Katika muda huo ada ya msambazaji wa mwaka italipwa mara 6. Wengi wakifika hapa hugundua kwamba walichokuwa wanakikopesha hasa ni mapato ya maonyesho ya jukwaani na ya harusi, si ya nyimbo. Si vibaya, ila ni biashara nyingine na mkataba wake ni mwingine.

Hata wakubwa wamewahi kuonja mabadiliko hayo. Mwaka 1997 mwanamuziki David Bowie wa Uingereza alipata dola milioni 55 kwa hati za mkopo za miaka 10 zenye riba ya asilimia 7.9, dhamana ikiwa mapato ya albamu zake za zamani. Kampuni ya bima ya Prudential ya Marekani ilizinunua zote. Bowie alikuwa na kazi za miaka 30 na jina la dunia nzima. Miaka miwili baadaye ikaja Napster, watu wakaanza kubadilishana nyimbo bure kwenye kompyuta, mauzo ya CD yakaanguka, na mwaka 2004 Moody's ikazishusha hati hizo hadi daraja la mwisho kabla ya zile zisizofaa kuwekezwa. Wenye hati walilipwa. Ila kilichowatia wasiwasi hakikuwa ubora wa nyimbo. Ni njia ya kuuzia iliyobadilika.

Akaunti, kodi na mambo mengine

Akaunti ya msambazaji ifunguliwe kwa jina na barua pepe ya nani? Mara nyingi hufunguliwa na prodyuza au rafiki mwenye kadi ya benki, na msanii hana hata neno la siri. Anayekopesha aombe kuona akaunti ikifunguliwa mbele yake. Baadhi ya wasambazaji wana utaratibu wa kugawa mapato ya wimbo moja kwa moja, kila mtu akapokea fungu lake katika akaunti yake. Mgao uliowekwa humo una nguvu kuliko ahadi ya kutumiana fedha kwa simu kila mwezi.

Kodi nayo ina sehemu yake. Tangu Juni 2021 YouTube hukata kodi ya Marekani katika mapato yanayotokana na watazamaji wa nchi hiyo. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo kiwango ni asilimia 30. Asiyejaza fomu za kodi hupata pigo kubwa zaidi, kwani anaweza kukatwa asilimia 24 ya mapato yake ya dunia nzima. Fomu ya mtu binafsi asiye raia wala mkazi wa Marekani ni W-8BEN, nayo hujazwa kwa dakika chache.

Fedha zinazopita kwa msambazaji ni za rekodi. Haki ya utunzi ni nyingine na hukusanywa kwingine. Marekani, kwa mfano, malipo ya utunzi yatokanayo na maduka haya yamekuwa yakikusanywa na Mechanical Licensing Collective tangu 2021. Mtunzi akiwa si mwimbaji, asitajwe katika mkataba wa mkopo kama dhamana.

Kwa upande wa Kenya, miito ya simu ni soko tofauti lenye sheria yake. Sheria ya marekebisho ya hakimiliki ya 2022 iliweka kwamba msanii au mwenye haki apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito, kampuni ya simu asilimia 39.5 na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Hapo kuna bei na kuna asilimia, na hesabu yake ni nyepesi kwa mkopeshaji kuliko ya mgao.

Wasomaji wanaopendelea hisa kuliko mikopo wamekwisha sikia habari ya Mdundo, kampuni iliyoanzia Nairobi ambayo Septemba 2020 iliingia soko la Nasdaq First North la Copenhagen na kukusanya krona milioni 40 za Denmark. Kampuni hiyo ilijengwa juu ya nyimbo za kupakua bure zenye matangazo, hivyo aliyenunua hisa alinunua zaidi biashara ya matangazo na mikataba ya kampuni za simu kuliko muziki.

Msanii akitaka kuhama kwa msambazaji mmoja kwenda kwa mwingine katikati ya mkopo, asizuiwe, bali afuate utaratibu. Kila rekodi ina namba yake ya kimataifa yenye herufi na tarakimu 12, iitwayo ISRC. Namba hiyo iandikwe katika mkataba wa mkopo badala ya jina la wimbo peke yake, maana majina hufanana. Wakati wa kuhama, wimbo upakiwe kwa msambazaji mpya kwa namba ile ile, na wa zamani asubiriwe hadi wimbo mpya uonekane madukani ndipo aambiwe auondoe. Ukiondolewa kwanza, au ukipewa namba mpya, hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza tena sifuri, na kizingiti cha 1,000 pamoja nayo.