Mlio wa Sikio na Kiungo cha Taya



Mtu akikaa miaka penye vinu vya saruji au mashine za miwa, huenda akalala na mlio sikioni kama wa nyenje. Kelele ndiyo sababu tunayoijua. Lakini iko nyingine: kiungo cha taya, kilicho mbele tu ya sikio. Anayesaga meno usingizini, au kuyabana akibeba mzigo, huichosha misuli yake, na mlio huweza kuzidi.

Jipime. Bana meno, kisha sogeza taya kushoto na kulia. Mlio unabadilika? Taya inauma ukitafuna? Basi huenda taya imo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini huikanda misuli ya taya na shingo, hukufundisha kufungua kinywa polepole. Nyumbani, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Kitambaa cha moto shavuni. Miwa uiache kwanza. Ni kazi ya wiki kadhaa, na si wote wapatao nafuu.

Msimamizi asikuambie "ni taya tu" ili akunyime vizibo vya masikio. Upande wa Kenya, kanuni za 2005 zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Dai upimwe masikio, karatasi uitunze. Usikivu ukipotea ghafula, nenda hospitali siku hiyo hiyo.