SOMO LETU: TULINDE KINGO ZA RAFU

Nyumba nyingi za vijijini siku hizi zina rafu. Wengine huziita shelfu. Nyingine ni za mbao, nyingine zimejengwa kwa udongo ukutani, na nyingine ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya matofali. Juu yake kuna sahani, sufuria, taa, dawa, daftari za watoto na vitabu vyetu vya kisomo.

Hebu simama kidogo ukaiangalie rafu yako. Usiangalie katikati, angalia ukingo wa mbele, yaani ule upande mwembamba unaokutazama. Pitisha kidole polepole. Je, kuna vibanzi vinavyochoma? Je, rangi imebanduka hapo tu, na kwingine bado ipo? Kama ni hivyo, somo hili linakuhusu.

Kwa nini rafu huanza kuharibika ukingoni? Ni kwa sababu kila kitu kinapita hapo. Mtu akichukua sufuria haiinui juu moja kwa moja, huivuta, na kitako cha sufuria kinasugua ukingo. Mtoto akitaka kufikia sukari hushika ukingo na kuning'inia. Maji ya vyombo vilivyooshwa huteremka mpaka ukingoni, yakaning'inia hapo chini kama matone ya mvua kwenye bati. Halafu ipo sababu moja ambayo watu wengi hawaijui. Rangi haikai vizuri juu ya pembe kali. Ukipaka, rangi hukimbilia pande mbili na kuacha utando mwembamba sana pale penye pembe. Utando huo ndio wa kwanza kuchanika, na maji hupata mlango.

Maji yakishaingia, ubao huvimba, kisha hukauka, kisha huvimba tena, mwisho unapasuka. Plaiwudi imetengenezwa kwa matabaka membamba yaliyogandishwa kwa gundi, kwa hiyo matabaka yake huachana kama maganda ya kitunguu. Zile mbao za maranda yaliyoshindiliwa, ambazo siku hizi zimejaa madukani, ni mbaya zaidi. Zikivimba hazirudi tena. Sisi hatuzipendi kwa rafu ya jikoni, hata kama bei yake inavutia.

Pia tazama zile ncha mbili, kushoto na kulia, pale msumeno ulipokata. Mti ulipokuwa hai ulikuwa na mirija myembamba ya kupandisha maji kutoka mizizini. Ukiukata ubao, midomo ya mirija hiyo inabaki wazi, na hunywa maji haraka kuliko sehemu nyingine zote za ubao. Kwa hiyo ncha hizo zipakwe rangi mara mbili au tatu, hata kama zimefichwa ukutani na hakuna mgeni atakayeziona.

Msomaji anaweza kusema, "Ukingo umelika, basi, rafu si bado imesimama?" Katika nyumba moja tuliyoitembelea, ukingo ulikuwa umelika mpaka ukainama mbele. Chupa ya mafuta ya taa iliteleza usiku, ikapasukia juu ya debe la unga lililokuwa wazi chini yake. Unga wa wiki nzima ulitupwa, na mama wa nyumba alikwenda kukopa kwa jirani. Tena ilikuwa bahati kwamba ni unga tu. Mafuta ya taa, dawa za mifugo na dawa za mimea havitakiwi kukaa pamoja na chakula, wala mahali watoto wanapofikia. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe. Mwahishe kituo cha afya.

Turudi kwenye rafu. Kama ubao bado ni mzima, kazi ya kwanza ni kuondoa pembe kali. Chukua msasa, uzungushie kipande cha mti, usugue pembe ya juu na ya chini mpaka ziwe za mviringo kidogo, kama mgongo wa kijiko. Msasa una namba nyuma yake. Namba ndogo, kama 80, ni mkali. Namba kubwa, kama 120 au 180, ni laini. Anza na mkali, umalizie na laini. Futa vumbi, kisha paka rangi ya mafuta au vanishi. Acha ikauke kabisa ndipo upake mara ya pili. Lakini tahadhari: rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kama hujui rangi iliyopo ni ya lini, usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe kwa maji, watoto wawe mbali, na mabaki uyakusanye yote.

Kama ukingo umeshalika, msasa hautoshi. Hapo tunahitaji upapi. Upapi ni kipande chembamba na kirefu cha ubao kinachopigiliwa juu ya ukingo, kama unavyoona kwenye milango. Upapi ukichakaa unaung'oa na kuweka mwingine, na rafu yenyewe inabaki salama. Kwa hiyo chagua mti mgumu. Msonobari, kama ule wa mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, ni rahisi kukata na kupiga randa, lakini ni laini, sufuria zitaula upesi. Mninga ni bora. Fundi seremala huwa na mabaki ya mninga yasiyotosha kiti wala mlango. Mwombe hayo. Ila chukua sehemu ya ndani yenye rangi ya kahawia. Ile sehemu ya nje nyeupe hushambuliwa na wadudu watobao mbao.

Kwanza nyoosha ukingo kwa randa. Pima. Tuseme una rafu tatu, kila moja ina urefu wa sentimeta 120. Utahitaji 120 mara 3, yaani sentimeta 360, au meta 3 na sentimeta 60. Upapi wa unene wa sentimeta 1 unatosha, pamoja na misumari ya inchi moja. Msumari wa kwanza uwe sentimeta 5 kutoka mwisho, na inayofuata iachane kwa sentimeta 10. Ukihesabu utapata misumari 12 kwa kila rafu. Ubao mgumu hupenda kupasuka, basi toboa kwanza kitundu chembamba kuliko msumari. Kama huna keke, gonga ncha ya msumari kwa nyundo iwe butu kidogo kabla ya kuupigilia. Inashangaza, lakini ncha kali hutenganisha nyuzi za mti na kuupasua, na ncha butu huzikata na kupita.

Je, upapi uwe sawa na uso wa rafu, au upande juu yake kidogo? Hapa mafundi hubishana. Ukipanda nusu sentimeta unazuia chupa na vitabu visiteleze. Lakini kwenye rafu ya vyombo, kizuizi hicho hukamata maji na uchafu, na mende hufurahi. Sisi tunaona rafu ya vyombo iwe sawasawa, na ya vitabu iwe na kizuizi.

Asiye na mninga asikate tamaa. Mpira wa ndani wa baiskeli uliotoboka, ukikatwa utepe na kupigiliwa misumari midogo, hustahimili kugongwa na sufuria. Bati nalo hufaa, lakini lazima ukunje makali yake kwa ndani. Tumeona mikono ya watoto iliyochanwa na bati, na jeraha la bati chafu linaweza kuleta pepopunda.

Rafu za udongo nazo zina dawa yake. Usikimbilie saruji. Saruji haishikani vizuri na udongo mtupu, baada ya muda hubanduka vipande vipande. Lowanisha ukingo uliomomonyoka, laza mwanzi uliopasuliwa katikati, mgongo wake ukiwa nje, kisha kandika kwa udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi. Lainisha kwa chupa ikiwa bado mbichi.

Neno moja kuhusu oili chafu ya magari. Wengi huipaka kwenye mbao kuzuia mchwa. Kwenye rafu ya chakula, hapana. Ina sumu, na haikauki, itashika sahani zako na mikono ya watoto.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini rangi huchanika kwanza kwenye pembe kali?
2. Mama Fulani ana rafu mbili za sentimeta 90 kila moja. Atahitaji upapi wa urefu gani? Na misumari mingapi, akifuata vipimo vya somo hili?
3. Katika kijiji chenu, ni miti gani migumu ambayo mabaki yake hutupwa au kuchomwa kuni?
4. Tazameni rafu ya darasa lenu. Nani ataleta msasa, na lini?