MWENYE ELIMU ASIUZE ULIMI WAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Allah. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu wa Kasongo na Kabambare, wababa, wamama na vijana, somo la leo ni uhuru wa mwenye elimu: kuutafuta ukweli, kuufundisha, na kuusema mbele ya watu hata kama mkubwa hapendi.

1. ELIMU NI AMANA
Katika Surat al-Baqara, aya ya 159, Allah anawaonya vikali wanaoficha uongofu baada ya kubainishwa. Basi kusema kweli si haki ya mwenye elimu tu, ni deni shingoni mwake.

2. WALIOTANGULIA
Imam Malik wa Madina alifundisha kwamba talaka ya mtu aliyelazimishwa haisihi. Watawala wakaogopa: kumbe na kiapo cha utii cha kulazimishwa nacho hakisihi! Alipigwa mijeledi, wala hakuliacha neno lake.
Mwaka 833 khalifa al-Maamun alianza kuwalazimisha wanazuoni waseme kwamba Qur'ani imeumbwa. Imam Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na khalifa aliyefuata akampiga. Tena al-Maamun alikuwa mpenda vitabu. Tujue basi: mtawala anaweza kupenda elimu na bado akawafunga wenye elimu.

3. WA KARIBU YETU
Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawakosoa Waislamu wenzake waziwazi kwa kuzembea elimu. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alifundisha Makerere, Uganda. Mwaka 1973 ilimbidi aondoke kwa sababu ya utawala wa Idi Amin.
Kwetu Kongo, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990. Usiku wa kuamkia 12 Mei wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa kambini mwao. Hesabu ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Mahali midomo imefungwa, hata wafu hawahesabiwi.

4. NA SISI JE?
Katiba ya 18 Februari 2006 inalinda uhuru wa kutoa maoni (kifungu cha 23) na uhuru wa utafiti wa kisayansi (kifungu cha 46). Lakini karatasi peke yake haitoshi. Mwalimu anajua kwamba zebaki ya kukamatia dhahabu inaharibu mwili. Akinyamaza kwa kuwa mnunuzi wa dhahabu ndiye anamlipia nyumba, nani atawaambia wachimbaji? Shehe anajua shamba ni la yatima. Akinyamaza kwa ajili ya mbuzi wa Iddi, yatima akimbilie wapi?
Tusiwalaumu wao peke yao. Mwalimu tunayemwacha na njaa, tumemkabidhi kwa tajiri. Anayekula mkononi mwa mtu mmoja atamwogopa mtu yule.

5. MIPAKA YAKE
Surat al-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo. Imam Malik huyo huyo alijulikana kwa kujibu "sijui" bila haya. Uhuru wa kusema si ruhusa ya kutukana kabila la jirani. Sisi tuliopitia vita tunajua: neno la msomi linaweza kuchoma kijiji.

TUFANYE NINI?
- Tuchangie walimu na mashehe wetu sote, kila mtu kidogo, wasimtegemee mmoja.
- Tumsikilize anayetukosoa hadi mwisho, kisha tumjibu kwa hoja.
- Mwenye elimu akionewa kwa neno la haki, tusimame naye.

Ee Allah, wape wanazuoni wetu ujasiri na unyenyekevu, na utupe sisi masikio ya kusikia. Amin. Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina majina ya Allah. Usiitupe chini. Ukiisha kusoma, mpe mwenzako.)